Waliokuwa Pembeni

Mlio wake ndio unaokumbukwa kwanza na watu wa Ngamiani, Tanga. Siku hizi picha hupigwa usijue: simu inainuliwa, inashushwa, yamekwisha. Kamera ya Mjomba, Zenit-E, ilipopiga, paka alitoka mbio chini ya kiti, na mtoto aliyebembelezwa muda mrefu ili atulie aliangua kilio upya. Ndani mle kioo kiliruka juu, mapazia mawili ya kitambaa cheusi yakafukuzana kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha kioo kikarudi mahali pake kwa kishindo, yote kabla hujapepesa jicho. Bibi, ambaye hakupenda kabisa kupigwa picha, aliivumilia kamera hiyo kwa sababu moja. "Hii si mwizi," alisema. "Ikikuchukua, inasema."

Mjomba alirudi nayo Tanga kutoka Moscow mwishoni mwa mwaka 1980. Alikwenda kusomea uhandisi, kama vijana wengi wa wakati ule waliopata ufadhili wa Warusi, akarudi na shahada, koti zito ambalo Tanga haijawahi kuwa na siku ya kulivaa, na Zenit hiyo yenye alama ya Olimpiki upande wa mbele. Michezo ya Moscow ilikuwa ya mwaka uleule. Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata nyingine katika mita 5,000, na hadi leo nchi haijapata ya tatu. Mjomba alizitazama mbio zote mbili kwenye televisheni ya bweni. Kila alipoitoa kamera kwenye mfuko wake wa ngozi alitusimulia upya jinsi Bayi alivyotangulia peke yake, mbali, mpaka Mpolandi akaja kumpita kwenye mzunguko wa mwisho, na kila mara alisimulia kana kwamba safari hii huenda Bayi akashinda.

Kwa Tanga ya miaka ile isingepatikana kamera ya kufaa zaidi. Betri zilikuwa za kutafutwa kwa tochi, na tochi yenyewe haina betri. Jirani yetu mmoja alikuwa na kamera ya Kijapani, nzuri kuliko ya Mjomba kwa kila hali, ikakaa kabatini miaka kwa kukosa kijibetri kimoja cha duara. Zenit haikuhitaji hata kimoja. Mwanga iliupima kwa seleniamu, kitu ambacho kikipigwa na mwanga hutoa umeme kidogo chenyewe. Kibamba chake kilikuwa juu ya lenzi, nyuma ya kioo chenye matutamatuta, na umeme huo mdogo ulitosha kuisukuma sindano ndani ya kidirisha kilicho juu ya kamera. Sisi watoto tuliruhusiwa mchezo mmoja tu: kuziba kioo kile kwa kiganja, sindano ilale, tuachie, inyanyuke. Mjomba aliitazama sindano kwa heshima, kisha akakitazama kivuli ukutani, na vilipopingana alikifuata kivuli.

Kiwanda cha Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow, kiliitengeneza Zenit-E tangu 1965 hadi 1982 na kutoa zaidi ya milioni tatu. Huwezi kutengeneza milioni tatu za kitu chenye madoido. Kasi za shata zilikuwa tano, kuanzia 1/30 ya sekunde hadi 1/500, pamoja na B ya kuacha wazi kwa muda utakao. Flashi ilipatana na 1/30 peke yake, ndiyo maana katika picha zake za usiku, za taarabu na ngoma za harusi, watu wana mikia: mkono wa mchezaji umetulia, unaonekana hadi pete, na kando yake ukungu wa mkono uleule unaoendelea kucheza. Wateja walilalamika. Mimi nazipenda picha hizo kuliko zote alizopiga, na nilimwambia hivyo, akadhani namtania.

Nitamweleza akiwa kazini, maana kwa mdomo mtupu kamera hiyo haieleweki. Ni mwaka 1984, saa kumi alasiri, Barabara ya 13. Mama mdogo, mdogo wake mama, anaolewa. Ametolewa nje barazani, na mbele ya nyumba imeegeshwa Peugeot 404 ya kuazima iliyofungwa maua ya karatasi. Sharti la familia ni kwamba gari lionekane lote. Mjomba anarudi nyuma mpaka katikati ya barabara. Anavuta mkono wa filamu hadi mwisho, na hapo tu ndipo anapogusa gurudumu la kasi: analiinua kidogo, analizungusha hadi 125, analiachia likae. Kulifuata gurudumu lile kabla ya kuvuta filamu hakukuwa na maana kwake, kwa sababu lilizunguka lenyewe kila shata ilipofunguka na namba hazikukaa mahali pamoja. Ole wako kidole chako kiliguse wakati linazunguka. Ulilizuia, na picha ikaharibika.

Kisha lenzi. Ilikuwa Helios-44-2, ya milimita 58, iliyochorwa kwa kufuata Biotar ya Wajerumani wa Zeiss. Ina pete mbili mbele. Ya kwanza unaiambia tundu unalolitaka baadaye, tuseme 8. Ya pili ndiyo inayolifungua na kulifunga. Mjomba alilifungua lote ili aone vizuri, akalenga jicho la bibi harusi, kisha bila kuondoa uso kwenye kamera akaizungusha pete ya pili mpaka ikagota. Papo hapo kidirisha alichokuwa akichungulia kikawa giza, kana kwamba jua limeingia winguni. Hatua hiyo watu waliijua bila kufundishwa. Kiwiko chake cha kushoto kikicheza kidogo, wote wanaacha kusema, wanashusha mabega, wanakaza macho. Shangazi yangu mmoja aliita kipindi hicho "kuvuta pumzi ya Mrusi." Halafu kishindo.

Sasa lipo jambo moja la Zenit-E ambalo kitabu chake cha maelekezo hakikulipigia tarumbeta. Picha kwenye filamu ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Kidirisha cha kuchungulia kilionyesha 28 kwa 20 tu. Fanya hesabu: mpiga picha aliona kama theluthi mbili ya kile alichokuwa akikipiga. Milimita nne kila upande, na mbili juu na chini, ziliingia kwenye filamu bila ruhusa yake. Milimita nne ni kitu gani? Kwenye negativi ni mtu mzima aliyesimama, na mkokoteni wake.

Nyumbani tuliligundua hilo gizani. Stoo ya uani ndiyo ilikuwa chumba cha picha, usiku tu, mlango ukiwa umezibwa kwa blanketi mbili na khanga ikiwa imesokotwa chini yake. Filamu mara nyingi ilikuwa ORWO, kutoka Wolfen katika Ujerumani Mashariki, NP20 au NP22, na Mjomba aliipata kwa watu wake wa Dar es Salaam. Adui wa kazi ile hakuwa mwanga bali joto. Dawa za kusafishia zinataka nyuzi 20. Maji ya bomba la Tanga, hata usiku wa manane, yanakaribia 28. Dawa ikiwa moto filamu hupikika upesi mno, na utando wake wenye picha hulainika, ukaweza kuumenya kwa ukucha. Kwa hiyo jioni nilitumwa kwa wauza samaki kununua pande la barafu, nikalibeba kichwani ndani ya gunia la mkonge lililojaa pumba za mbao, likinichuruzikia mgongoni maji yenye harufu ya changu. Barafu iliwekwa kwenye beseni, chupa za dawa zikakalishwa katikati yake, na mimi nikawa mshika kipimajoto. Sijapata cheo kikubwa zaidi.

Mashine ya kukuzia ilikuwa nayo ya Kirusi, ya kusafiria, inayojikunja na kuingia kwenye sanduku lake. Chini ya balbu nyekundu karatasi ililala ndani ya sinia, nyeupe, haina kitu, kisha kwa mbali nyusi zikaja, halafu macho, halafu nguo. Watu wa pembeni walikuja mwisho. Bibi harusi ameshajitokeza na gari lake, na ndipo ukingoni anapoibuka mtoto aliyeshika ringi la baiskeli na kijiti. Au mbuzi. Au mwanamke aliyepita na beseni la mihogo akageuza shingo kutazama. Mjomba alisonya. "Huyu naye katoka wapi?"

Kwa nini hakujirekebisha? Angeweza kusogea mbele kidogo, akijua kwamba kamera itachukua zaidi ya anachokiona. Nilimwuliza hivyo nilipokuwa kidato cha pili na ninajiona ninajua hesabu. Akanijibu, "Mpwa wangu, siwezi kumkata mtu kichwa kidirishani kwa ahadi ya Mrusi kwamba atakirudisha kwenye filamu." Kwa fundi aliyesoma Moscow hilo lilikuwa jibu la ajabu, lakini kwa mtu aliyepiga harusi moja kwa mkanda mmoja wa picha 36, bila wa akiba, lilikuwa jibu la busara.

Wateja hawakuwa na subira hiyo. Picha ya harusi ni ya waliooa, walioozesha na waliochanga. Mpita njia hakuchanga. Kwa hiyo Mjomba aliiinua mashine juu kidogo, taswira ikapanuka, kingo zikamwagika nje ya karatasi, na picha za postikadi zilizotoka zikawa safi, zimejaa wenye shughuli peke yao. Hizo ndizo zilizobandikwa kwenye albamu za kurasa nyeusi na kuwekwa kwenye fremu sebuleni. Waliofutwa walibaki kwenye negativi, na negativi hakuna aliyeziuliza.

Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, serikali ilipowasaka wenye bidhaa za magendo, ilikuwa karibu zipotee zote zilizokuwepo. Watu walikuwa wakitupa sabuni baharini na kuzika vitenge. Mjomba alikuwa na mikanda michache ya ORWO na mmoja tu wa rangi, wa Kodak, uliovuka Horohoro kwa njia za panya, maana mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Sidhani kama kuna mtu angemfunga kwa mikanda hiyo, ila hofu haina kipimo. Mkaza mjomba hakungoja kuuliza. Alikusanya mikanda, negativi na chupa za dawa, akazitia kwenye sufuria ya pilau, akaizika uani chini ya mti wa ndimu, na kwa majuma kadhaa tulikwenda chooni tukiipita sehemu hiyo kwa heshima ya kaburi. Ilipofukuliwa chupa moja ilikuwa imevuja na kula lebo za nyingine. Negativi zilisalimika kwa sababu Mjomba alizikunja kwenye mifuko ya nailoni ya maziwa. Mkanda wa rangi ulipigwa baada ya mpaka wa Kenya kufunguliwa mwishoni mwa mwaka, ukapelekwa Mombasa kusafishwa, ukarudi na Tanga nzima ikiwa ya zambarau.

Baada ya hapo mambo yalilegea. Alipoingia Mzee Mwinyi madarakani mwaka 1985 bidhaa zikaanza kurudi madukani, na baada ya miaka michache filamu za rangi zikawa za kununua kama kiberiti, zikifuatiwa na maduka ya kusafisha kwa mashine, tayari kwa saa moja. Vijana wenye kamera za plastiki zenye flashi ndani yake wakawa wanafika kwenye harusi kabla ya Mjomba, wakiuza picha kabla ya biryani kupakuliwa. Hakugombana nao. Aliwapiga Coastal Union, timu yetu ya soka, walipotwaa ubingwa wa 1988, aliwapiga wajukuu wa Bibi mmoja baada ya mwingine, akaacha kidogo kidogo kama mtu anavyoacha kuvuta sigara.

Hewa ya pwani ndiyo iliyoendelea kuifanyia kazi kamera. Chumvi na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe zinazotambaa juu ya kioo kutoka ukingoni. Mjomba aliihifadhi kwenye debe la mchele mkavu, akiubadilisha kila baada ya masika, na mchele wa zamani ukapikwa, hatukuona ubaya. Alipofariki niliikuta humo. Sindano ya mwanga ilikuwa imechoka, inanyanyuka nusu tu hata ukiielekeza juani, ndivyo seleniamu inavyozeeka. Shata ilipiga. Mtoto wa dada yangu, anayepiga video za harusi Dar es Salaam, aliitaka lenzi tu. Siku hizi vijana wanaisaka Helios kwa sababu ukiifungua yote, majani yaliyo nyuma ya mtu huzunguka kama kimbunga. Wanaifunga kwenye kamera za kisasa kwa kipete cha kuunganishia. Nilimpa. Akaniuliza na hilo bati lililobaki nitalifanyia nini. Nikamwambia aende zake.

Nilichotaka mimi ni kopo la biskuti lenye negativi. Nyingine zilikuwa zimegandana kiasi cha kupasuka ukizitenganisha. Zilizobaki niliziskani moja baada ya nyingine, ukingo hadi ukingo, na nikajikuta siangalii tena maharusi. Maharusi nilikuwa nawajua, wako kwenye albamu. Nilikuwa natazama zile milimita nne. Kuna foleni ya sukari, nusu yake, nyuma ya kitchen party ya shangazi: wanawake saba wameshika vikapu vitupu, mmoja amekaa juu ya tofali. Hakuna aliyewahi kumlipa mpiga picha apige foleni; filamu ilikuwa ghali na foleni ilikuwa kila siku. Kuna kibao cha duka lililobomolewa. Kuna mkwaju wa Barabara ya 13 ambao vijana wa leo hawaamini kwamba ulikuwepo. Kuna mlinzi wa msikiti amelala, kofia usoni. Ningesema kwamba Mjomba alipiga picha mbili kila alipobonyeza, moja ya kulipwa na moja ya bure, na ya bure ndiyo imezeeka vizuri zaidi.

Na yuko muuza kahawa. Katika picha ya gari na Mama mdogo, bibi harusi amesogezwa kulia ili Peugeot ienee, na kulia kwake, katika ile sehemu ambayo Mjomba hakuiona, mzee anapita. Mkono mmoja dele la shaba na jiko lake la makaa chini, mkono mwingine vikombe viwili vidogo alivyokuwa akivigonganisha ili watu wajue anakuja. Amevaa kanzu iliyopauka na baraghashia. Uso umegeukia upande wetu, na kwa kuwa tundu lilikuwa 8 na jua la alasiri lilikuwa upande wake, unaweza kuhesabu mikunjo ya paji la uso.

Nilimtambua mara moja, kila mtu wa mtaa angemtambua. Nilipeleka habari kwa binti yake, ambaye sasa ni mama mtu mzima, anauza vitumbua karibu na stendi. Aliniambia baba yake hakupata kupigwa picha maishani, hata ya kitambulisho. Niliposema anayo, alidhani namzungumzia mtu mwingine. Nikamwonyesha kwenye simu. Hakulia wala hakusema neno la maana, aliosha mikono kwanza, akaishika simu, akamtazama, akasema, "Kikombe kile cha kulia kilikuwa na ufa." Kisha akataka picha kubwa, ya ukutani, ya baba yake peke yake.

Ukiukuza ukingo wa negativi ya ORWO kiasi hicho, chembe zake zinaonekana kama mchanga, na ilinibidi nijaribu ukubwa mbalimbali kabla ya kupata unaokubalika. Shida ya pili ilikuwa Mama mdogo. Alisimama karibu mno na mzee. Nikimkata kabisa, dele linakwenda naye. Nikaacha kiwiko chake, chenye hina na ukingo wa mkono wa gauni lenye shanga, upande wa kushoto wa picha.

Mwaka jana Mama mdogo alikwenda nyumbani kwa yule binti kutoa mkono wa Idi. Aliporudi alinipigia simu kabla hata ya kuvua baibui.

"Hivi wewe, kiwiko changu kinafanya nini kwenye ukuta wa watu?"

Nikamweleza. Nikamwambia kama kinamuudhi naweza kuichapisha upya na kukiondoa.

Alinyamaza kidogo. "Kiache," akasema. "Lakini mwambie, mgeni akiuliza, atajwe mwenye kiwiko."